Koo linavyomeza, na jinsi ya kumlisha mgonjwa anayepaliwa: mwongozo kamili

Mgonjwa wa kiharusi akisharudishwa nyumbani, iwe Ng'ambo ya Unguja au Micheweni ya Pemba, kazi ya kumlisha humwangukia mtu ambaye hakufundishwa: binti, mkwe, au mjukuu aliyemaliza skuli na hajapata kazi. Anapewa bakuli la uji na kijiko, anaambiwa "mpe taratibu". Bibi amelala chali, kichwa kimeinuliwa kwa mto mmoja. Vijiko viwili vinapita, cha tatu anakohoa. Watu wanasema amepaliwa tu, anapigwapigwa mgongoni, na kijiko cha nne kinafuata. Siku chache baadaye ana homa na kifua kinakoroma, na hakuna anayeiunganisha homa ile na uji ule.

Mwongozo huu ni wa huyo aliyeshika kijiko. Sehemu ya kwanza inaeleza koo na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni mpaka tumboni, vinavyofanya kazi, na nakuomba usiiruke. Kila agizo litakalofuata baadaye, la kukaa wima, kushusha kidevu, kupunguza kijiko na kusubiri, lina msuli wake au neva yake. Ukishaijua sababu, huna haja ya kukariri.

Anza na koo lako mwenyewe

Weka kidole juu ya kongomeo, lile fundo la mbele ya shingo. Kwa wanawake halijitokezi sana, lakini ukipapasa utalipata. Meza mate. Utalihisi linapanda kama sentimita mbili, linasita kidogo, kisha linashuka. Kupanda huko ndiyo alama ya kumeza. Mgonjwa ambaye kongomeo lake halikupanda bado hajameza, hata kama mdomo ameufunga na anakuitikia kwa kichwa kwamba tayari.

Sasa jaribu kumeza huku mdomo uko wazi. Tabu. Rudisha kichwa nyuma utazame dari, umeze tena. Tabu zaidi. Jaribu kuvuta pumzi wakati uleule unapomeza: haiwezekani, na usijilazimishe. Mwisho, meza mate mfululizo kwa sekunde 30. Mtu mzima mwenye afya hufikisha mara tatu au zaidi, lakini utaona kila mara inakuwa nzito kuliko iliyotangulia. Mate yamekwisha, na koo halianzi kazi yake mpaka lihisi kitu cha kumeza.

Kwa dakika mbili hizo umeshagundua jambo kubwa kuliko yote: kumeza kuna sehemu inayokutii na sehemu isiyokusikiliza kabisa. Mlishaji anaweza kuisaidia ile ya kwanza. Ile ya pili anaweza kuipa nafasi tu.

Kinywani, mahali pa hiari

Tonge la wali likiingia, midomo inafunga, msuli wa shavu unalibana lisikimbilie pembeni, taya linasaga, ulimi unaligeuzageuza, na mate yanalilowesha mpaka lishikane. Tezi za mate hutoa baina ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Bila ya mate, chakula kikavu hutawanyika mdomoni na hakikusanyiki kuwa tonge. Wako watu mwezi wa Ramadhani wanaotema mate mchana kutwa wakihofia saumu yao. Mashekhe wameshalieleza sana hili, kwamba mate ya mtu mwenyewe hayabatilishi funga, lakini tabia haiondoki. Jioni kinywa kimekauka, na tende ya kwanza inagoma kushuka.

Tonge likiwa tayari, ncha ya ulimi hugota nyuma ya meno ya juu, na ulimi hulisukuma tonge kwenda nyuma ukilibana na kaakaa. Mpaka hapa unaweza kusita, ukaendelea kutafuna, au ukalitema. Likishazivuka zile nguzo mbili za nyama zilizo kulia na kushoto kwa kimio, hiari imekwisha.

Sekunde moja ya koo

Ngozi laini ya sehemu ile ina neva zinazohisi mguso, ladha na ubaridi. Habari inakwenda kupitia neva ya 9 ya fuvu na tawi la neva ya 10, inayoitwa vagasi, mpaka kwenye medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo. Hapo ndipo kilipo kituo cha kumeza. Kikishapata habari ya kutosha, kinatoa amri kwa mpangilio ambao huwezi kuuvuruga hata ukitaka, kupitia neva ya 5, 7, 9, 10 na 12, kwa misuli zaidi ya 30.

Kaakaa laini linainuka na kuziba njia ya puani. Mtu anayechekeshwa huku anakunywa anajua kinachotokea likikosea: soda inamtoka puani. Papo hapo misuli iliyo chini ya kidevu inauvuta juu na mbele mfupa wa hioidi, ulio baina ya kidevu na kongomeo. Mfupa huu haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Umening'inia kwa misuli na kano tu. Zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti chenye kongomeo mbele yake, limeshikana nao, kwa hiyo nalo linapanda na kujificha chini ya shina la ulimi. Ndani yake nyuzi za sauti zinakutana na kufunga. Pumzi inasimama. Kidakatonge kinainama na kufunika juu.

Skuli wengi tulifundishwa kwamba kidakatonge ndicho kinachozuia chakula kisiingie kwenye hewa, basi. Kinasaidia, lakini mimi naona somo lile linampunja zoloto sifa yake. Ulinzi hasa unatokana na nyuzi za sauti kufunga na zoloto lote kuhama njiani.

Chini yake kuna msuli wa duara unaofunga mdomo wa umio. Huu umekaza muda wote ili hewa isijae tumboni kila unapovuta pumzi. Wakati wa kumeza unalegea, ila kulegea peke yake hakutoshi. Zoloto linapopanda na kwenda mbele ndipo linapouvuta ukafunguka, na mlango hukaa wazi kwa kama nusu sekunde. Hapa ndipo mengi ya wagonjwa yanapoelezeka. Misuli ya chini ya kidevu ikidhoofika, zoloto hupanda nusu, mlango hufunguka nusu, na chakula kingine hubaki juu ya umio, kando kabisa ya njia ya hewa.

Wakati huohuo ukuta wa koo unakaza kuanzia juu kushuka chini, misuli mitatu kwa zamu, ukisukuma na kusafisha. Kisha kila kitu kinarudi mahali pake. Kwa kawaida pumzi ya kwanza baada ya kumeza ni ya kutoka, na hilo nalo ni hifadhi: chembe iliyobaki mlangoni hupulizwa nje badala ya kuvutwa ndani. Yote haya, tangu kaakaa kuinuka mpaka pumzi kurudi, ni kadiri ya sekunde moja. Kwa mtu mwenye pumu kali au kifua kibovu, anayehema haraka haraka, sekunde moja hiyo ni ghali, na ndiyo maana hupaliwa ingawa koo lake halina ugonjwa.

Umio haupendi kuharakishwa

Umio wa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 25. Theluthi ya juu ni msuli wa jamii ya ule wa mikono na miguu, ya chini ni msuli laini wa jamii ya ule wa utumbo, na katikati umechanganyika. Kama umewahi kusafisha utumbo wa ng'ombe wa supu, unaubana kwa vidole viwili na kuvuta kushuka, kilichomo kinatangulia. Umio unafanya hivyo wenyewe: unabana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake. Wimbi hilo huchukua sekunde 8 hadi 10 kufika tumboni. Maji, ukiwa umekaa, hayalisubiri. Hushuka kwa uzito wake. Na tonge likikwama njiani, ukuta uliotanuka huanzisha wimbi jingine palepale bila ya wewe kumeza tena.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu walishaji wengi hawalijui. Ukimeza mfululizo, kila mmezo mpya huzima wimbi la mmezo uliotangulia. Ndivyo unavyoweza kuimaliza bilauri ya maji kwa mkupuo: umio unabaki umelegea mpaka funda la mwisho, kisha wimbi moja linasafisha njia yote. Kwa maji hakuna neno. Kwa boko-boko zito, ile ngano iliyopondwa na nyama, vijiko vinavyofuatana bila ya nafasi vinajaza umio ambao hausukumi.

Mlango wa chini, wa kuingilia tumboni, hufunguka mara tu mtu anapomeza na kusubiri wimbi lifike. Usipofunga sawasawa baadaye, tindikali hupanda na mtu akapata kiungulia. Mgonjwa akilazwa chali mara baada ya kula, kinachopanda kinaweza kufika kooni na kuteremkia kwenye hewa, hata kama alikula vizuri kabisa.

Na kwa wale wa kahawa ya barazani inayonyweka ikiwa bado inachemka: mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Kahawa yenyewe haina kosa. Iache ipoe kidogo.

Jinsi chakula kinavyokosea njia

Kupaliwa hakufanani. Mwangalie mgonjwa ni wakati gani anakohoa, utajua kinachofeli.

Akikohoa kabla hujaona kongomeo likipanda, ulimi haumudu kushika au rifleksi, ile sehemu ya kumeza isiyo ya hiari, inachelewa. Maji yamemwagikia kooni wakati mlango wa hewa bado uko wazi. Hii ndiyo inayowapata sana wagonjwa wa kiharusi, na ndiyo sababu maji matupu, ambayo kila mtu anadhani ni mepesi kumeza, kwao ni hatari kuliko uji. Yanakimbia kuliko koo lao.

Akikohoa palepale kongomeo linapopanda, kufunga ndiko kudhaifu. Mara nyingi utasikia na sauti yake imekuwa ya pumzi pumzi au kikohozi hakina nguvu.

Akikohoa baada ya kumeza, au sauti ikawa ya majimaji, ya kugugumia, chakula kimebaki juu ya umio na sasa kinateremkia pabaya. Mwambie aseme "aaa" kila baada ya vijiko vichache. Sauti safi, endelea. Sauti ya majimaji, simama, akohoe, ameze mate.

Kuna aina ya nne, nayo ndiyo ninayoiogopa. Hakohoi kabisa. Neva zinazohisi zoloto zimekufa ganzi, chakula kinapita kwenda mapafuni kimya kimya, na nyumba nzima inashukuru kwamba siku hizi hapaliwi. Dalili zake ni nyingine: macho kutoka machozi anapokula, kuhema haraka, sauti ya majimaji, mlo kuchukua zaidi ya nusu saa, kukonda, na homa za kifua zinazorudi. Mgonjwa wa hivi asilishwe kwa kukisia. Apelekwe hospitali apimwe, na akipewa mpira wa kulishia unaopita puani, usiuone kama mwisho wa mambo. Wengi waliopata shida ya kumeza baada ya kiharusi hurudi kumeza vizuri wiki za mwanzo.

Na mwenye kiharusi kipya, siku ile ile, asipewe chochote mdomoni, hata maji ya kusomewa, mpaka mhudumu wa afya amjaribu kumeza.

Jikoni: uzito na ulaini

Daktari au muuguzi ndiye anayeamua mgonjwa aanze na uzito gani. Kazi yako ni kuufikia uzito huo kila siku bila ya kubadilika, na hapa "mzito kidogo" haitoshi, kwa sababu mzito kidogo wa mama sio wa shangazi. Kipimo cha kimataifa kinachoitwa IDDSI kinatumia bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano. Bomba lenyewe liwe ni lile ambalo alama zake kuanzia 0 hadi 10 zina urefu wa milimita 61.5, pima kwa rula, kwa sababu bomba nene au jembamba hubadilisha jibu.

Toa kisukumio. Ziba ncha kwa kidole, jaza uji mpaka alama ya 10. Achia kwa sekunde 10 kamili, ziba tena, soma kilichobaki. Ikibaki chini ya mililita 1, hayo ni maji tu, daraja 0. Baina ya 1 na 4 ni daraja 1, baina ya 4 na 8 daraja 2. Zaidi ya 8 lakini bado unatiririka, daraja 3. Usipotiririka hata kidogo ni daraja 4, chakula cha kijiko: nacho kikiwekwa kwenye kijiko kikae na umbo lake, na ukikiinamisha kianguke chote bila ya kung'ang'ania. Upime ukiwa na joto lile lile utakalomlishia, maana uji ukipoa huwa mzito.

Usidhani kuongeza uzito ndiyo salama zaidi kila mara. Kinywaji kizito hukimbia polepole, lakini pia hubaki kooni zaidi kwa mwenye misuli dhaifu, na wagonjwa hawakipendi, wakaishia kukosa maji mwilini. Tazama mkojo wake. Ukiwa wa rangi ya chai na kidogo, hanywi vya kutosha.

Mapishi yetu mengi yanafaa kwa mabadiliko madogo. Mbatata au boga lililopondwa kwa tui jepesi na kupitishwa kwenye chujio. Ndizi mbivu ya nazi iliyosagwa. Parachichi. Boko-boko iliyopigwa mpaka ikalainika, lakini iongezwe supu, kwa sababu ikiwa nzito hunata kwenye kaakaa. Samaki achambuliwe kwa mkono, si kwa macho, kisha asagwe na mchuzi wake. Mwiba wa tasi hauonekani kwenye taa ya umeme hafifu. Tende ziroweke kwenye maziwa, zitolewe kokwa na ganda, zisagwe.

Vya kuepuka:

- Urojo. Ni maji yenye vipande ndani yake, bajia na mbatata na kachori, na koo dhaifu haliwezi mbio mbili kwa mpigo. Machungwa na tikiti yana shida hiyo hiyo: ukiyatafuna yanakuwa maji na nyama pamoja.
- Halua, ugali mzito na mkate wa boflo. Vyote vinanata au vinakuwa donge. Boflo linaonekana laini mkononi. Kinywani kwa mtu asiyetafuna vizuri hugeuka unga uliokandwa.
- Barafu na aiskrimu, kwa aliyezuiwa maji. Vinaingia vikiwa vigumu, vinafika kooni vikiwa maji.
- Karanga, bisi, ubuyu wenye kokwa, wali mkavu usioshikana.

Jambo la mwisho la jikoni. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi kwenye bakuli mara kwa mara, uji uliouweka sawa mwanzoni mwa mlo huwa majimaji kufika mwisho. Mtu anashangaa mgonjwa alianza vizuri na vijiko vya mwisho vikampalia. Chota kidogo kidogo kwenye kikombe, bakuli kubwa libaki pembeni na upawa wake.

Kulisha, hatua kwa hatua

1. Hakikisha yuko macho. Mwite, akujibu, afungue macho na kuyashikilia. Mwenye usingizi rifleksi zake nazo zimelala. Mlo uahirishwe, hata kama saa imepita.

2. Safisha kinywa kwanza. Mswaki, fizi, ulimi, na ndani ya shavu la upande uliopooza, ambapo utakuta chakula cha asubuhi. Kinachosababisha nimonia hasa ni vijidudu vinavyobebwa na mate na chakula, kwa hiyo kinywa kisafi ni kinga hata kwa anayelishwa kwa mpira.

3. Mkalishe wima. Kiti chenye mgongo ni bora kuliko kitanda, na kitanda ni bora kuliko jamvi. Nyonga zifike nyuma kabisa, miguu ikanyage chini, matakia yamzuie asiinamie upande ulio dhaifu. Mgongo ukiteleza mbele, kichwa kitarudi nyuma, na umeshajaribu mwenyewe kumeza ukitazama dari.

4. Kaa mbele yake, macho yako usawa wa macho yake au chini kidogo. Ukimlisha umesimama atakutazama juu, shingo itanyooka na njia ya hewa itakaa wazi.

5. Nyamazisha chumba. Hapa patakuwa na mgogoro, kwa sababu kumjulia hali mgonjwa kwetu ni wajibu na wageni hawana saa. Mtu anaingia, "Shikamoo bibi", na bibi, aliyelelewa vyema, ataitika "marahaba" akiwa na tonge kinywani. Kuitika ni kufungua nyuzi za sauti. Mweke mtu barazani awapokee wageni mpaka mlo uishe, na hakuna atakayekasirika akielezwa.

6. Tia nusu ya kijiko cha chai, au kijiko kizima kama ameshazoea. Kijiko kiingie kikiwa sawa, kibonyeze ulimi kidogo katikati, au upande ulio mzima, kisha kitoke bila ya kukwangua meno ya juu. Ule mbonyezo unauamsha ulimi.

7. Mwambie ashushe kidevu. "Bibi, tazama mapajani, sasa meza." Kidevu kikishuka, shina la ulimi husogea nyuma na mlango wa hewa hupungua. Huwasaidia wengi, si wote. Ukiona anapaliwa zaidi, acha, umwambie daktari. Aliyepooza upande mmoja wa koo pengine atashauriwa kugeuza uso kuelekea upande uliopooza, ili upande huo ujibane na chakula kipite kwenye uzima.

8. Tazama kongomeo. Likipanda na kushuka, amemeza. Kama shingo ina mikunjo na huoni, weka vidole viwili kwa upole, kwa ruhusa yake.

9. Ameze mara ya pili bila ya chakula. Mmezo huu mtupu unasafisha kilichobaki juu ya umio, na ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote kwa haraka. Kisha hesabu moyoni mpaka kumi. Sababu yake unaijua: ni wimbi la umio.

10. Akichoka, simama. Milo mitano au sita midogo ni bora kuliko mitatu ya kupigana nayo.

11. Akimaliza, angalia ndani ya mashavu, safisha, na mwache akae wima angalau nusu saa.

Chupa ya mtoto na kikombe chenye mdomo mwembamba mrefu usivitumie. Vyote vinamrudisha kichwa nyuma na kumwaga kwa kasi ambayo mgonjwa haimiliki. Kikombe kipana, au kilichokatwa upande wa pua, kinamruhusu anywe bila ya kuinua kidevu.

Vidonge

Kidonge na funda la maji ni ule mchanganyiko wa urojo kwa sura nyingine. Muulize mfamasia kama dawa ile inapatikana ya maji, au inaweza kusagwa na kutiwa kwenye ndizi iliyopondwa. Usisage mwenyewe bila ya kuuliza: vidonge vinavyotoa dawa polepole kutwa nzima, ukivisaga, vinatoa yote kwa mpigo. Hata wewe mzima, usimeze kidonge kwa mate huku unaelekea kitandani. Doksisaiklini, kwa mfano, ambayo ni antibayotiki, ikikwama umioni huchoma ukuta na kuacha kidonda. Maji bilauri nzima, na ukae wima.

Akisakamwa, na mwiba wa samaki

Anayekohoa kwa nguvu anapumua. Mwache akohoe, mwinamishe mbele, usimpe maji. Asiyeweza kukohoa, kusema wala kupumua ndiye anayekufa. Msimamie pembeni, mwinamishe, mpige kwa kitako cha kiganja mara tano baina ya mabega. Ikishindikana, simama nyuma yake, ngumi moja juu ya kitovu chini ya kifua, mkono wa pili juu yake, vuta ndani na juu mara tano. Rudia kwa zamu huku mwingine akitafuta gari. Mjamzito asibonyezwe tumbo, bali katikati ya kifua. Mtoto chini ya mwaka hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, akapigwa mgongoni mara tano, kisha akageuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara tano. Yeyote akizimia, mkubwa au mtoto, alazwe chini na aanze kubonyezwa kifua. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona.

Kuhusu mwiba, dawa ya kumeza donge la ugali au ndizi nzima bila ya kutafuna inajulikana kila nyumba. Wakati mwingine mwiba huondoka, na hapo ndipo dawa ilipopatia jina. Wakati mwingine donge huupigilia ndani zaidi, kutoka kwenye findo la koo, ambapo muuguzi angeuona kwa tochi na kuung'oa kwa koleo, mpaka kwenye umio, ambapo unaweza kuutoboa ukuta. Usipotoka kwa kukohoa na kusukutua, nenda hospitali. Maumivu ya kifua, homa au damu kwenye mate baada ya mwiba havisubiri asubuhi.

Unapokwenda hospitali

Unguja kuna Mnazi Mmoja. Pemba kuna Abdulla Mzee ya Mkoani, Chake Chake na Wete. Popote uendapo, kuna jambo moja linalomwelekeza daktari haraka: je, kinakwama au kinapalia? Anayepaliwa na maji zaidi kuliko chakula, tatizo lake mara nyingi liko kooni na kwenye neva. Anayeonyesha kifua na kusema chakula kimesimama hapa, kwanza nyama, baada ya miezi wali, kisha hata uji, tatizo liko kwenye umio, na apimwe kwa kamera bila ya kuchelewa, hasa akiwa anakonda.

Nenda na daftari. Andika tarehe, alichokula, uzito wa chakula hicho kwa bomba, alikohoa kabla au baada ya kumeza, sauti ilikuwaje, na joto la mwili wake jioni. Joto likipanda mara kwa mara siku alizokula chakula fulani, onyesha ukurasa huo kwanza.